Kabla Hujamsalimia Chebet

Kitale, Jumapili, saa kumi jioni

Rehema mama,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua. Nimekusikia asubuhi ukiimba bafuni, na nimekuona ukilipiga pasi koti lako jeupe mara mbili na kola yake mara tatu, utadhani wagonjwa wa Bungoma watakuja kukupima na rula. Yangu si nzuri, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Umeenda kule kijijini Kwanza kumuaga kukhu wako. Ulisema utarudi kabla ya chakula, lakini mimi namjua mama mkwe wangu. Hatakuachilia kabla hujala kuku na kusikiliza habari za kila aliyezaliwa na kila aliyekufa. Siku yako ya mwisho nyumbani, na alasiri yake yote umempa yeye. Mimi nimeachiwa maharagwe jikoni. Nakuambia hivyo mapema kwa sababu barua hii ni ya wivu kuanzia juu mpaka chini, na ni heri uanze kuuona huu mdogo kabla sijakufunulia ule mkubwa.

Sitakuandikia habari za blanketi wala za kuchemsha maji ya kunywa. Wewe ni daktari sasa, utanifundisha mimi. Nina jambo moja tu, nalo linamhusu Chebet, mwenzako wa chuo. Keshokutwa mtaanza kazi pamoja katika hospitali moja, na Daktari Kageha amewaomba nyote wawili mmsaidie kulifufua somo lake kwa wanafunzi wapya, lile somo la kumsikiliza mgonjwa na imani yake. Siku uliposikia kwamba Chebet naye yumo, ulisema hapa mezani, "Kazi nitafanya na yeye, lakini salamu asahau." Mimi nilikuwa nakumiminia chai. Niliimwaga kwenye kitambaa, ukacheka ukasema ninazeeka.

Sikuwa nazeeka. Nilikuwa najua jambo usilolijua, na lazima ulijue kabla hujakanyaga Bungoma.

Lakini nianzie mbali kidogo, univumilie. Mimi nilitaka kuwa daktari. Hilo sikuwahi kukuambia. Katika shule yetu ya wasichana kule Bungoma hakuna aliyenishinda somo la viumbe, na mwalimu wetu alishazoea kuniita daktari mbele ya wenzangu. Baba yangu akasema msichana akisoma sana hufika kwa mume akiwa amechoka. Nikaenda uuguzi. Siku barua yako ya kuitwa kusomea udaktari ilipokuja, unakumbuka nilivyocheza na akina mama wa kanisa mpaka kilemba kikanidondoka? Kisha nikaenda nyuma ya jikoni nikalia. Ulinikuta huko, nikakuambia ni moshi. Jiko lilikuwa halijawashwa, Rehema. Ulinitazama, ukalitazama jiko, ukanyamaza kwa heshima. Tangu wakati huo ulikuwa na kipawa cha kunyamaza.

Uuguzi nilipewa, lakini maombi nilijitwalia mwenyewe. Miaka ishirini na miwili katika wadi ya watoto, na kila mtu ananiita Sista Maombi, tangu mfagiaji hadi daktari mkuu. Mtoto akizidiwa, wananiita. Mama akikataa dawa, wananiita. Naushika mkono wa mtu, nafumba macho, naanza. Nilikuwa hodari, sitajinyima sifa hiyo leo hata kama ninajivua nguo mbele yako. Nilipomaliza kuomba, watu walikuwa wanalia hata vitanda vitatu kutoka pale.

Sasa nikupe mgonjwa mmoja wa zamani. Ulikuwa bado shule ya msingi. Alikuja mama kijana, mtoto wake anawaka homa. Siku ya pili alinivuta upande akaniambia, "Sista, kuna kitu nataka kusema." Nikamwambia, "Tuombe kwanza." Nikaomba kwa muda mrefu, kwa nguvu. Nilipofumbua macho, alikuwa ameshapangusa machozi na kusema amina, na lile alilotaka kusema amelimeza. Sikumwuliza. Asubuhi yake kitanda kilikuwa kitupu. Wiki ya pili jirani yao alikuja kliniki akasema mtoto amezikwa.

Unajua nilifanya nini na habari hiyo? Niliitoa kanisani kama ushuhuda. Nikasimama mbele ya watu nikasema kuna mama aliyekosa imani akatoroka na mtoto wake. Watu wakatikisa vichwa. Hadi leo sijui yule mama alitaka kuniambia nini.

Miaka ikapita, ukaenda chuo, na mwaka wako wa nne mkaletwa hospitalini kwetu kujifunza wadini, wanafunzi wanane na mwalimu wenu, Daktari Kageha. Nilishajiandaa. Nilikuwa nimewaambia sista wote kwamba mwanangu anakuja. Kisha wewe ukaingia na koti lako na wenzako, ukanipa mkono mbele ya watu, "Habari ya asubuhi, Sista." Sista! Mimi niliyekubeba mgongoni. Najua ni adabu ya kazi. Iliniuma hata hivyo.

Somo lile lilipangwa katika chumba chetu cha chai. Daktari Kageha aliniomba nije niwafundishe nyinyi jinsi ninavyowahudumia wagonjwa kiroho, kwa kuwa sifa zangu alikuwa amezisikia. Nilivaa sweta mpya. Nikawaambia, "Mshikeni mgonjwa mkono, mfumbe macho, muombe kwa sauti, ili hata kitanda cha jirani kipate." Mkacheka vizuri, nikafurahi. Daktari Kageha naye akatabasamu, akasema, "Asante sana, Sista. Hiyo ni ya baadaye, mgonjwa mwenyewe akiitaka. Sasa tujifunze ile ya kwanza, ambayo ni kuuliza."

Akawaambia, "Mgonjwa akisema anakohoa, mnamwuliza tangu lini. Akisema anaomba, mbona mnabadilisha mazungumzo?" Akawapa maswali yake machache. Ni nini kinachokupa nguvu wakati kama huu? Ungependa nani awe karibu nawe? Kuna jambo katika imani yako ambalo tukilijua tutakutibu vizuri zaidi? Kisha, akasema, unyamaze. Uhesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kufungua mdomo tena, na ukifika kumi kama hajasema, uhesabu upya. Akasema usimwombee mtu ambaye hajakuomba, wala usimfundishe dini yako yeye akiwa amelala na wewe umesimama.

Mimi nilikuwa nimekaa kando ya birika nikikuangalia wewe. Nilipokuwa nafundisha mimi, kalamu yako ilikuwa imelala mapajani. Alipoanza yeye uliichukua. Uliandika ukurasa mmoja na nusu, nilikuona ukiugeuza. Nyumbani jioni ulikuwa ukisema "Daktari Kageha anasema" hivi na "Daktari Kageha anasema" vile, mpaka baba yako akauliza kama huyo Kageha naye anakula hapa. Alicheka yeye peke yake. Mimi nilikuwa nasonga ugali, nikausonga mpaka ukawa jiwe.

Sasa tufike kitanda cha tisa.

Mtoto yule wa miezi mitano unamkumbuka, homa, shingo ngumu, na kile kilio chembamba kisichokatika usiku wala mchana. Sote tulijua ni homa ya uti wa mgongo. Sindano za dawa tulikuwa tumeanza, lakini ilibidi atolewe maji ya mgongo ili tujue tunapigana na nini na kwa siku ngapi. Mama yake akakataa. Alikuwa msichana tu, na pembeni yake alikaa mama mkwe wake, mzee wa Tongaren mwenye sweta ya kijani. Niliwaombea mara tatu. Alhamisi saa sita walikuwa wameshafunga leso yao, na chupa ya chai iko juu ya mzigo. Wangeondoka saa ileile, na sisi wauguzi tunajua mtoto wa namna ile akiondoka anakwenda wapi.

Ukaja wewe na Chebet. Ukavuta kile kigoda kifupi cha kunyonyeshea, ukakaa chini kuliko yule mzee. "Mulembe, kukhu," ukamsalimu. Kisha ukauliza swali lako. Mzee hakujibu, alinitazama mimi. Na wewe ukayafuata macho yake ukanitazama, ukasema kwa sauti ya upole kabisa, "Sista, samahani, unaweza kutuangalilia kitanda cha kumi kidogo?"

Ulinifukuza, Rehema. Kwa adabu zote, lakini ulinifukuza katika wadi yangu.

Nikaenda nyuma ya pazia, nikasimama hapo nikipangusa kipimajoto kilichokuwa safi. Nilisikia kila neno. Kwanza nilimsikia mzee akisema, "Ule Sista huomba mpaka mutu anasahau kenye alitaka kusema."

Chebet alikohoa kuficha kicheko. Wewe hukucheka. Ungalicheka, ningalikukasirikia jioni moja na mambo yangekwisha. Ulinyamaza, nami najua ulikuwa unahesabu.

"Daktali," mzee akasema, "dawa hatujakataa. Lakini hii mutoto iko na mutu wetu alikufa zamani, anamulilisha. Anataka mutoto aitwe jina lake. Sasa mukimutoboa mugongo na bado hana jina, akikufa, atakufa akiitwa nani? Tutazika nani?"

Kisha ukauliza, "Kukhu, kuita jina ni lazima muende nyumbani?"

"Ah, hapana. Hata hapa inawezekana. Ni kuita tu wale wetu walienda. Akisikia yake atanyamaza, atashika maziwa."

Chebet akasema, "Si tumpe dakika kumi? Kwetu Cheptais pia huita, mpaka mtoto apige chafya. Na sindano yake ni saa nane, hatuchelewi kitu, bana."

Kumbuka hayo maneno ya Chebet. Nitayarudia.

Mzee akasimama karibu na kitanda na kuanza kuita. Wepukhulu, mtoto analia. Mukhwana, analia. Makokha, analia. Akaita mjomba, akaita babu, akaita ndugu wa babu, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeita watu waje kula. Aliposema Khaemba, mtoto akakata kilio katikati, akageuza kichwa, akashika ziwa. Mimi ni muuguzi, najua mtoto wa homa ile huweza kuchoka ghafla. Sitabishana na wewe wala na yule mzee. Najua tu kwamba yule msichana alifungua leso yake, akaomba kalamu ya kutia sahihi. Saa tisa maji ya mgongo yakatolewa. Siku kumi na nne za sindano nilizipiga mimi mwenyewe, na Khaemba akaenda nyumbani na mashavu.

Ulifanya kwa robo saa jambo lililonishinda kwa miaka yangu yote ya wadini. Tena halikunishinda kwa kutojua. Nilijua walichotaka tangu Jumanne, nilipomsikia yule mzee akinong'ona majina. Nilijua kwa sababu yako wewe.

Wewe ulipozaliwa ulilia wiki tatu. Mimi nilikuwa nimekuchagulia jina Rehema, kanisani, mbele ya mchungaji, na nikasema sitaki mambo ya kuita wafu. Nilikuimbia, nikakubeba, nikakukanda kwa maji ya moto, ukalia. Siku moja nilikwenda kliniki ya akina mama nikakuacha kwa kukhu wako. Niliporudi nilikukuta umelala kifuani pake, umetulia. Akaniambia, "Ameitikia Nelima." Nelima alikuwa shangazi ya baba yako. Nilikunyakua bila neno. Katika karatasi zako zote, tangu cheti cha kuzaliwa mpaka leo, Nelima hayumo. Nikasema ni mambo ya giza. Haikuwa giza. Wiki tatu nimekuimbia mimi, na aliyekunyamazisha ni mwanamke mwingine. Kwa hiyo unaelewa kwa nini kila ukienda Kwanza mimi huwa na neno la kusema.

Alhamisi ile nilipotoka zamu niliingia stoo ya mashuka, nikafunga mlango, nikachukua karatasi ya mistari. Nikamwandikia mkuu wa masomo wa chuo chenu. Nikaandika kwamba mwanafunzi Rehema, na jina la baba yako nikaliweka kamili, ameruhusu matambiko katika wadi ya watoto na kuchelewesha matibabu ya mtoto mahututi. Nikaandika yale ya pazia, ya kigoda, ya saa sita, ya majina. Yale ya Chebet, kwamba hamchelewi kitu, niliyaacha. Chini sikutia sahihi. Niliandika "Mfanyakazi Mkristo." Nikaipeleka posta mwenyewe, kisha nikaenda kwenye ushirika wa akina mama na kuongoza nyimbo.

Ni mimi, mama. Si Chebet. Hakuwahi kuwa Chebet.

Pumzika hapo kama unataka kupumzika. Mimi mwenyewe nimeinuka kugeuza maharagwe.

Utaniuliza nilitaka nini. Nimejiuliza muda mrefu kuliko wewe utakavyoniuliza. Nilitaka uitwe, ukemewe kidogo, urudi nyumbani na swali, na swali hilo uniletee mimi badala ya Kageha. Basi. Nilitaka uhitaji maombi. Sikujua kwamba watu wa ofisi hawakemei kidogo. Walikurudisha nyuma, ukairudia miezi mitatu ya wadi ya watoto, wenzako wakavaa majoho yao na wewe umesimama nje ya hema ukiwapiga picha. Daktari Kageha akaitwa kujieleza, na somo lake likafungwa. Tangu hapo wanafunzi wangapi wamepita vitandani bila kufundishwa kuuliza swali lile? Na akina mama wangapi wamefunga leso zao wakaondoka? Hilo nalibeba pamoja na lako.

Siku ulipopata habari ulitupa mkoba mlangoni ukasema, "Mum, kuna mtu amenichoma kwa mkuu wa masomo. Na pale tulikuwa wawili tu, mimi na Chebet." Ulinisahau mimi nyuma ya pazia. Hukunihesabu kabisa, na hata hilo, nisamehe, liliniuma. Ningeweza kusema wakati ule. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nilichosema unakikumbuka. "Watu wa mlimani, mama, hata ukila nao."

Ulikuwa mwaka ule ambao sisi na watu wa mlimani, kwao Chebet, tulikuwa tumeanza kutazamana kwa jicho la upande, na kila nyumba ilikuwa na neno lake la kusema. Neno langu liliangukia mahali palipokuwa tayari pamelimwa. Umekaa na Chebet miaka minne, mmelala kitanda kimoja wakati wa mitihani, mmeazimana viatu. Hukumwuliza hata mara moja. Uliniamini mimi, kwa sababu mama hadanganyi.

Alikuja hapa. Hilo pia hulijui. Wiki mbili baadaye, Jumamosi, alisimama getini na mfuko wa vitunguu kutoka kwao Cheptais. Akaniambia, "Shikamoo mama. Rehema hashiki simu yangu. Sijui nimemkosea wapi. Si umwambie tu niko hapa?" Ulikuwa bafuni, unaimba kama leo. Nikamwambia umeenda Bungoma kwa shangazi yako. Akasikia ukiimba. Nilimwona akisikia. Akanipa mfuko kwa mikono miwili, akasema, "Basi msalimie," akaenda zake. Vile vitunguu ulivyovisifu wiki nzima, ukaniuliza nimevinunua kwa nani, vilitoka mkononi mwake.

Najua watu husema mwenye wivu hapati usingizi. Mimi nililala vizuri kwa muda, sitakudanganya. Nilikuwa na majina mazuri ya kujifunikia. Nililiita jambo lile bidii ya dini, mtoto wa ndani yangu akalia. Nikaliita kuilinda wadi, akalia. Nikaliita upendo wa mama, kumrudisha mwanangu njiani, huyo alilia zaidi. Siku moja tu, mwezi uliopita, uliposema hapa mezani kwamba Chebet asahau salamu, nilikwenda bafuni, nikafunga mlango na kusema kwa sauti, "Ni wivu." Akanyamaza. Hakufa, hapana. Amenyamaza tu, na sasa nambeba nikijua anaitwa nani. Nakuachia hilo, nawe ulitumie upendavyo. Huko uendako utakutana na watu watakaokuzidi, na wengine utakuwa umewafundisha wewe.

Bado ninao. Nilipokuona jana ukikunja koti lile, nilitaka kulivaa. Niliposikia Daktari Kageha amekupigia simu tena, niliuliza mbona asikuzae. Keshokutwa mgonjwa wa kwanza atakuita daktari, na kuna mwanamke hapa Kitale mwenye miaka hamsini na mbili atakayesimama dirishani akiwaza hilo siku nzima. Usinionee huruma. Nataka tu usije ukadhani mama yako ni yule wa ushuhuda wa kanisani.

Nimefanya haya. Ijumaa nilituma barua mbili, moja kwa mkuu wa masomo, nyingine kwa Daktari Kageha, zenye jina langu, cheo changu, na ukweli wote, pamoja na kwamba hakuna dawa iliyocheleweshwa siku ile. Wadini nimeacha kusema tuombe kwanza. Nimejaribu lile swali la Kageha, na nakwambia ni gumu kuliko maombi yangu yote. Mara ya kwanza nilifika nne tu nikafungua mdomo. Juzi nilifika kumi. Mama mmoja wa kutoka Kwanza akaniambia anachoogopa, na hakikuwa chochote kati ya yale ambayo ningemwombea.

Kwa Chebet sijaandika. Yeye nilimfunga geti usoni, siwezi kumjibu kwa bahasha. Jumamosi ijayo nitakuja Bungoma kumwambia mwenyewe. Ukinikataza, nitakuja hata hivyo, nitasimama nje ya geti la hospitali kama alivyosimama yeye, na vitunguu vyangu. Lakini wewe utamwona kabla yangu, Jumanne asubuhi, kwenye korido, naye atainua mkono nusu kama mtu asiyejua kama ataitikiwa. Mwitikie. Hata kama mimi hutanisamehe, yeye mwitikie.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii mkobani mwako, chini ya lile koti. Ungeikuta Bungoma, ungelia huko, na mimi ningekuwa huku sioni kitu. Nimeona ni kujificha nyuma ya pazia mara ya pili. Kwa hiyo nitakupa mkononi, kesho baada ya chai, uisome hapahapa mezani kabla ya kuondoka. Baba yako nimemwambia atupishe.

Mimi nitavuta kigoda cha jikoni nikae hapo chini mbele yako. Ukimaliza nitakuuliza kitu kimoja, unataka kuniambia nini, kisha nitahesabu mpaka kumi. Nikifika kumi na hujasema, nitaanza tena moja. Ukitaka kupiga kelele, piga. Ukitaka kuchukua mkoba uende bila neno, mlango hautakuwa umefungwa. Sitasema tuombe. Macho nitakuwa nimeyafumbua.

Nasikia geti. Umerudi, na unacheka na mtu barabarani, na umebeba kuku wa kukhu, najua. Amka mapema kesho, Nelima.

Niliyeandika hii na ile,
mama yako,
Roselyne Naliaka